Kidole kisipofika kwenye ini

Mvuvi wa mshipi pale Likoni hamwoni samaki. Kidole chake ndicho kinachomwambia kama changu anadonoa chambo au chubwi imekwama mwambani. Upasuaji wa kamera, ambao kamera na vyombo virefu hupitishwa kwenye matundu madogo ya tumbo, umeligeuza jambo hilo: daktari anaona kila kitu kwenye skrini, lakini vidole vyake havifiki kwenye ini wala utumbo.

Faida zake sizibishi. Mwaka 1985 Erich Mühe alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hii huko Ujerumani, na leo matundu ya milimita 5 hadi 12 yanatosha. Maumivu hupungua, mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Kwa mchukuzi wa mizigo wa Kongowea, kila wiki asiyofanya kazi ni njaa kwa wanawe.

Ila kuna kinachopotea. Chombo kirefu hupitishwa ndani ya mrija uliochomekwa tumboni, wenye kizibo cha kuzuia gesi iliyojazwa tumboni isitoke. Chombo hukwaruzana na kizibo hicho, kwa hiyo ukinzani anaousikia daktari ni wa mrija na wa nyama kwa pamoja, asijue upi ni upi. Hapo utumbo unaweza kubanwa kupita kiasi. Na uvimbe mdogo uliojificha ndani ya ini, ambao kidole kingeukuta, unaweza kumpita. Roboti ya upasuaji, ambayo daktari huiongoza bila kushika chombo chenyewe, ndiyo iliyoukata mshipi kabisa: ile iitwayo da Vinci iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, na ni toleo la 2024 lililoleta vyombo vya kumrudishia daktari hisia ya nguvu anayotumia.

Watetezi husema jicho hujifunza kugusa: nyama ikibanwa hupauka, na uvimbe uliofichika hutafutwa kwa mawimbi ya sauti. Ni kweli. Lakini jicho hilo lilifunzwa na mkono. Aliyepasua matumbo mengi kwa njia ya zamani akiona weupe ule anajua ni nguvu kiasi gani. Anayeanzia kwenye skrini ataujulia wapi? Masanduku ya mazoezi yenye viungo vya kuigiza vya mpira yanasaidia, ila mpira si utumbo.

Mimi naona kamera iendelee, tusingoje mashine ghali, mradi wanafunzi wa upasuaji hapa Pwani wapewe kwanza nafasi ya kutosha ya kushika kwa mikono yao. Na kuna wakati daktari hulazimika kufungua tumbo katikati ya kazi. Wengi husema ameshindwa, kumbe amekataa kubahatisha. Mgonjwa na jamaa zake waelezwe hilo kabla fomu haijatiwa sahihi.