Gia 21, Zinazofanya Kazi Mbili

Nani aliwaambia wakodisha-baiskeli tunataka gia 21? Nauliza kwa heshima tu. Pale njia panda ya kuingilia lango la Elsa la hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, baiskeli ya kukodi ilikuwa na gia moja na kengele, na mtu akifika alikotaka kufika. Siku hizi kila chuma kimebandikwa karatasi inayong'aa, "Gia 21", na bei imepanda kwa ajili ya hizo 21. Ukikikalia unakuta ziko mbili: moja haisukumiki, nyingine unazungusha miguu mpaka jasho likutoke huku punda milia amesimama anakupita.

Tuelewane. Mimi ni mwananchi mtulivu. Hifadhi ambazo asiye na gari anaruhusiwa kuingia kwa miguu yake, tena na baiskeli, ni chache mno nchini, na hii ya Naivasha, kilomita za mraba 68, imetukubali tangu 1984. Unapita katikati ya twiga bila kumwomba mtu lifti. Ni heshima kubwa hiyo. Kisha heshima yote inawekwa mikononi mwa kijana mmoja mwenye bisibisi mfukoni.

Hujashuka sawasawa kwenye matatu, tayari anakupima urefu kwa macho, halafu anakuletea baiskeli ya mtu mwingine.

"Karibu bosi. Hii ni ya Ulaya kabisa."

"Asante kaka. Breki ya nyuma iko wapi?"

"Ya mbele inatosha, bosi."

Haitoshi. Usimgombeze, mwelimishe. Breki ya mbele ikibanwa peke yake kwenye mteremko wa changarawe, gurudumu linajifunga, tairi linakimbilia pembeni, na kinachotangulia kufika chini ni kidevu. Sukuma baiskeli mbele huku umebana breki moja moja. Ukibana ya mbele, gurudumu la nyuma litake kuinuka; ukibana ya nyuma, gurudumu lake liburute bila kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa usukani kabla breki haijashika, waya umelegea. Pale waya unapoingilia kwenye mkono wa breki pana kijipete cha kuzungusha kwa vidole. Kizungushe kinyume cha saa hadi waya ukaze. Atakuambia hicho si cha kuzungusha. Ni cha kuzungusha! Kazi yake ndiyo hiyo!

Samahani. Tuendelee kwa utulivu.

Inua sehemu ya nyuma, zungusha pedali kwa mkono, pitisha gia zote. Cheni ikirukaruka, shika kipande chake kilichoko mbele kabisa ya gia kubwa ya kwenye pedali, ukivute. Kikiinuka ukaona zaidi ya nusu ya jino, cheni imerefuka, imekwisha.

"Cheni mpya hiyo, bosi. Nimeweka juzi."

Kumbe ndiyo maana. Cheni mpya juu ya meno ya zamani yaliyochongoka huruka vibaya zaidi, hasa ukisimama juu ya pedali kupanda mwinuko, na lile bomba kati ya kiti na usukani unaloliangukia tusilizungumzie, watoto wanasoma. Kwa kukuonea huruma anatoa chupa ya oili chafu ya gari, anaimwagia cheni mpaka ing'ae. Vumbi la kule ni majivu ya volkano. Likikutana na oili nzito linageuka msasa, na cheni na meno vinasagana njia nzima. Omba kitambaa, futa mpaka cheni ionekane kavu. Oili inatakiwa ndani ya viungo, tone moja moja. Nje ni mapambo.

"Bosi, kwani wewe ni fundi?"

Usijibu. Pandisha kiti.

"Kiti hakipandi, kimeshikana."

Atafute spana. Kipimo ni hiki: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limejikunja kidogo, ndivyo linavyotaka. Kutoka langoni hadi korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8, na zile za kurudi ndizo zenye mwinuko. Ukizifanya na kiti cha mtoto wa darasa la nne, magoti yatakushtaki hadi Ijumaa.

Bado tairi. Bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea hadi uguse rimu, lijazwe. Kisha uliza pampu iko wapi, viraka viko wapi. Jibu lake ni, "Ukipata pancha nipigie simu, bosi." Nikupigie! Uje na nini, helikopta? Miiba ya migunga imetapakaa njiani. Dai pampu, viraka, gundi, kipande cha msasa na vijiko viwili vya kung'olea tairi. Pancha ikitokea, toa tyubu, ijaze upepo, ipitishe karibu na midomo mpaka usikie pumzi inapotoka. Kwaruza hapo kwa msasa, paka gundi nyembamba, kisha SUBIRI. Dakika tano, mpaka gundi isishike kidole. Watu wetu wanabandika ikiwa mbichi, wanapiga ngumi, wanashangaa kiraka kinateleza. Halafu, kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi umtafute mwiba mwenyewe. Usipomtoa, baada ya mita 100 mko naye tena.

Mmekubaliana, umelipa, unataka kuondoka. Anakunja mikono.

"Acha kitambulisho, bosi. Ni dhamana."

Hapa ndipo damu inapochemka. Langoni wanataka kitambulisho hichohicho, ndicho kinachokufanya ulipe bei ya Mkenya. Bila hicho wewe ni mtalii, utatajiwa dola. Yaani mtu azaliwe Kinangop, Naivasha anaiona kwa macho akiwa kwao, lakini kwa sababu kitambulisho kimelala kwenye kopo la spoki njia panda, ageuke Mjerumani kwa siku nzima! Mwachie pesa kidogo za dhamana, au apige picha ya kitambulisho kwa simu. Akikataa, nenda kwa jirani yake, wamejaa. Utasikia bei ikishuka kabla hujavuka barabara.

Mengine ni madogo. Kiingilio hulipwa kwa simu, pesa taslimu hazipokewi, kwa hiyo lipia ukiwa bado mjini kwenye mtandao wa uhakika. Nyani hawana dini, chakula kikae ndani ya mfuko uliofungwa, mgongoni. Nyati akisimama karibu na njia, nawe simama mbali umpe nafasi, hana ratiba. Fischer's Tower, ile nguzo ya mwamba ya mita 25, hupandwa kwa kamba na mwongozaji. Pale juu hawauzi soda.

Korongo la Ol Njorowa sitalifanyia mzaha. Mvua ikinyesha mbali huko juu, maji hushuka humo ghafla, hata kama ulipo jua linawaka. Mwaka 2012, na tena 2019, yaliua watu humo. Mwongozaji akisema leo hapaingiliki, hapaingiliki.

Ukishapona hayo unakwenda Ziwa Naivasha kupumzika, unadhani. Nahodha anakutajia bei. Muulize mapema kama ni ya mashua au ya kila kichwa, maana mkiwa katikati ya maji Kiswahili chake kinabadilika. Nenda asubuhi. Mchana upepo huamka na mawimbi madogo yanakupiga kifuani. Jaketi la kuelea lifungwe vishikizo vyote, usilivae kama koti la harusi. Na kiboko awe mbali. Ukiona kichwa kimezama na hujui kitaibukia wapi, mashua isisogee upande huo, hata nahodha akitaka kukupatia picha nzuri.

Kuna na mchezo wa furukombe. Nahodha anapiga mluzi, anarusha samaki, ndege anashuka na kumnyakua. Mnapiga makofi. Samaki huyo amepachikwa kipande cha funjo ndani ili aelee, na ndege anajua saa za kazi kuliko mimi. Bei yake huwa haimo kwenye ile mliyokubaliana.

Wewe samaki wako utamkuta ufukweni, kwenye karai. Ukitaka sato, sema sato, umwone kabla hajaingia kwenye mafuta. Ukinyamaza unaletewa kapu (carp), yule mnene wa magamba makubwa aliyeingia ziwa hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni mtamu, sikatai, ila ana vimiiba vyenye matawi ndani ya mnofu, na ukizungumza huku unakula utajuta. Mwambie mpishi amkate mistari ya karibukaribu ubavuni kabla ya kukaanga, mafuta yaingie, vimiiba vilainike. Atakubali, atakata mitatu. Na ugali unahesabiwa kando. Kachumbari kando. Nyanya nusu na kitunguu, kando! Limau je? Niliuliza tu, mama, usiliandike.