Kinu cha Mama Pacha

Shangazi wa mchumba wangu anakaa Kasulu. Ni Msabato hasa, na tangu abatizwe hajatia mdomoni nyama, kuku wala samaki. Hata chai ya majani hanywi. Yote haya niliambiwa mapema, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, halafu siku nilipopewa simu nimsalimie nikaropoka.

"Nasikia unajipikia mwenyewe," alisema baada ya shikamoo na marahaba.

"Shangazi, mimi napika vyakula vya dunia nzima. Tena bila nyama."

Upande wa pili pakawa kimya kidogo. "Haya, mwanangu. Nitakuja Jumapili ya wiki ijayo nivione."

Sasa niseme ukweli. Mimi ni fundi simu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Chakula changu ni wali maharage, na nikipata hela, wali na samaki mgebuka. Vyakula vya dunia nzima navijua kwa macho tu, maana simu ya mteja ikishapona lazima uijaribu kama inatoa picha na sauti, na mimi huwa naijaribu kwa video za mapishi. Nimewahi kumchelewesha mtu saa nzima kwa sababu kuna Mjapani alikuwa bado hajamaliza kukata vitunguu.

Mchumba wangu alinishauri vizuri. "Mpikie maharage, utie nazi, umwekee na mchicha. Atafurahi." Ningemsikiliza, hadithi hii isingekuwepo. Nikamwambia maharage hata Kasulu yapo.

Basi wiki nzima nikawa mwanafunzi wa mapishi, na nilichokigundua kilinitisha. Huko nje kila chakula cha wali au tambi kina mnyama ndani yake, na asipoonekana ujue amejificha. Paella ya Valencia, kule Hispania, asili yake ni kuku na sungura, na wengine hutia konokono. Nikaifunga video hiyo haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu. Risotto ya Kiitaliano niliipenda, wali unaokorogwa mpaka unakuwa mzito, hauna nyama wala nini. Kumbe ile jibini yao ya Parmigiano inagandishwa kwa dawa inayotoka kwenye tumbo la ndama! Nasi goreng ya Indonesia ni wali wa kukaanga tu, lakini wanatia kitu kinaitwa terasi, ambacho ni uduvi uliochachushwa. Tambi za Wajapani mchuzi wake unachemshwa na samaki mkavu aliyeparuzwa kama randa inavyoparuza mbao. Hata wanaojitangaza kwamba chakula chao ni mboga tupu, ukichungulia kwenye chupa zao unamkuta samaki amekaa anakutazama.

Nikaangukia pad thai, tambi za kukaanga za Thailand. Nayo ina samaki wake, anaitwa nam pla: visamaki vidogo vilivyotiwa chumvi vikaachwa mwaka au zaidi mpaka vinatoa maji. Lakini video ilisema mla mboga anaweza kuyaacha hayo maji akatia sosi ya soya na chumvi. Vingine vyote vilikuwa vyetu: ukwaju, karanga, ndimu, pilipili, sukari, mayai (mayai anakula, niliuliza). Niliposoma kwamba chakula hicho kilipigiwa debe na serikali yao, miaka ileile nchi ilipoacha jina la Siam ikawa Thailand, 1939, nikaona hiki ni chakula cha heshima. Huku kwetu serikali inatuhimiza kulima michikichi, wenzetu walihimizwa kula tambi.

Tambi zenyewe sasa. Video inataka tambi za mchele. Nilizunguka Soko la Mwanga na maduka yote ya karibu, kila muuzaji ananionyesha zile tambi nyembamba za ngano, za kupika na sukari na iliki wakati wa futari. Nikasema tambi ni tambi. Video inasema loweka nusu saa kwenye maji, nikaloweka nusu saa. Niliporudi sikukuta tambi, nilikuta uji. Nilijaribu kuuokoa kwa chujio, ukapita wote. Nikaenda kununua spageti, na habari za spageti ziishie hapo.

Pad thai inataka na choroko zilizochipua, nikazichipusha siku tatu ndani ya kitambaa chenye maji. Zikatoa mikia mizuri, nikazianika kidogo nje zipate hewa, na kuku wa mwenye nyumba hawakubakiza hata moja. Nikakata kabichi.

Tofu, ambayo nayo imo kwenye pad thai, ndiyo ilinitoa jasho. Kwa wasioijua, ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Unaloweka soya usiku kucha, unasaga, unachuja, unachemsha maziwa yake, unakamulia ndimu, yanakatika kama maziwa yaliyochacha, halafu unayafunga kwenye kitambaa na kuyakandamiza. Mimi maziwa yalifura povu yakazima mkaa, chumba kikajaa moshi, mwenye nyumba akaja kuuliza kama naondoka au nachoma ushahidi. Nikawasha upya. Yakakatika vizuri sana. Tatizo likawa kitambaa. Nilichokuwa nacho kisafi ni khanga mpya ambayo mchumba wangu aliisahau kwangu, nikafungia humo, nikaweka jiwe, na juu ya jiwe ndoo ya maji.

Khanga mpya haijafuliwa, ndugu zangu. Asubuhi nilifungua nikakuta tofu ya rangi ya waridi, imara, yenye maandishi. Ilikuwa khanga ya "Hasidi hana sababu", na neno la mwisho lilikuwa limejichapa juu ya tofu, herufi zimegeuka kinyumenyume. Nikakwangua pande zote kwa kisu. Bonge lililokuwa kama tofali la kuchoma likabaki kama kipande cha sabuni ya mche.

Zikabaki karanga. Pad thai bila karanga za kutwanga si pad thai, na mimi kinu sina. Mwenye kinu pale uani ni Mama Pacha wa chumba cha tatu. Jumapili ile asubuhi alikuwa ameteremka Kibirizi kwenye biashara yake, nikamkuta mwanawe mkubwa, wa miaka minane.

"Naomba kinu mara moja."

"Chukua, anko."

Kilikuwa pale mlangoni, kikubwa, cheusi kwa uzee. Nilikifuta kwa kitambaa kikavu, nikainama nikanusa ndani. Hakikuwa na harufu yoyote.

Hapo lazima nieleze jambo kuhusu pua ya mtu wa Kigoma. Mwezi ukiwa giza, vyombo vinaingia ziwani usiku na taa, maana dagaa hufuata mwanga, na kukipambazuka Kibirizi yote imeanikwa dagaa. Wanakauka juani, na harufu yao inapanda mlima inaingia mjini, inaingia kwenye mashuka, kwenye daftari za watoto, kwenye noti. Mgeni akiteremka kwenye treni anaipata akiwa bado stesheni. Sisi wenyeji hatuipati mpaka tutoke, tukae Dar miezi miwili, turudi. Kwa hiyo mimi kunusa kinu nikasema hakina harufu ni sawa na samaki kupima kama maji yana unyevu. Na wiki ile ilikuwa ya giza.

Nilitwanga karanga zangu, nusu kilo, nikaridhika nazo sana. Zilikuwa na wekundu kidogo, nikajua ni maganda.

Shangazi alifika saa saba mchana, amevaa gauni la bluu lililopigwa pasi mpaka likasimama, na kapu la ndizi na maparachichi. Salamu za Waha si za kukimbia. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za watu niliowajua na nisiowajua, na mimi moyo uko kwenye karai. Nikamwekea mchaichai badala ya chai. Akaliona hilo, akatabasamu. Alama ya kwanza nikaipata.

Nikapakua. Spageti zimeng'aa kwa ukwaju, vipande vyangu sita vya tofu nimevipanga juu vionekane vingi, karanga nimenyunyiza kama theluji za kwenye picha, na ndimu pembeni. Shangazi akaomba. Sala ndefu. Aliiombea safari, akaiombea nyumba, akaiombea "mikono ya kijana huyu iliyoandaa chakula kisafi". Hapo kwenye kisafi nilisema amina kabla ya wakati.

Akala. Kijiko cha kwanza akatulia. Cha pili akafumba macho.

"Mwanangu," alisema, "chakula hiki kina utamu unaotoka mbali. Kinanikumbusha kitu, sijui nini. Kama nyumbani kwa marehemu mama."

Mimi nikavimba kichwa. Nikaanza kumweleza habari za Thailand, mwaka 1939, jinsi ukwaju unavyoshirikiana na sukari. Chini ya meza nikapigwa teke. Nikadhani bahati mbaya, nikaendelea. Teke la pili likaja na kisigino.

Mchumba wangu alikuwa amekishika kijiko hewani, ananitazama kwa macho ambayo nilikuwa sijawahi kuonyeshwa. Shangazi alipoinama kuchukua ndimu, akaninong'oneza:

"Umetia nini humu?"

"Karanga."

"Karanga za wapi?"

Ndipo na mimi nikaonja vizuri, kwa kutuliza ulimi. Ukwaju ulikuwepo, sukari ilikuwepo, na nyuma yao alikuwa amesimama mtu ninayemjua tangu utotoni. Nilikuwa nimekwepa samaki wa Bangkok, wa Tokyo na wa Jakarta, na wa Kibirizi akaingia kwa mlango wa mbele. Kibaya zaidi, ilikuwa tamu kweli! Nadhani ndivyo Wathai wenyewe wanavyotaka iwe. Wao hutia maji ya visamaki vyao, mimi nilikuwa nimetia unga wa vyetu.

"Niongeze, baba," alisema Shangazi, akinisogezea sahani.

Ningefanya nini? Nikamwongeza. Alipomaliza hiyo nikamwongeza ya tatu, maana aliomba mwenyewe, na nikawa nimeanza kujifariji kwamba siri itakufa pale mezani tukiwa wawili tunaoijua. Mlango ukagongwa.

Alikuwa mtoto wa Mama Pacha. Mtoto mwenye adabu, aliingia, akampa mgeni shikamoo, akafunga mikono nyuma.

"Anko, mama amerudi. Anasema anaomba kinu chake cha dagaa, anataka kutwanga wa uji wa pacha."

Neno lile lilikaa katikati ya meza. Hakuna aliyelisogeza.

"Amesema kinu cha dada," mchumba wangu akasema haraka. Namshukuru mpaka leo kwa kujaribu.

"Hapana," mtoto akasema, "cha dagaa. Karanga mama anatwangia kile kidogo."

Nikampa kinu chake akaondoka. Shangazi alikuwa ameweka kijiko chini, ametazama dirishani. Kwa muda nilisikia tu kuku wa mwenye nyumba.

"Dagaa," alisema taratibu, "wana magamba?"

Wiki nzima nilikuwa nimesoma habari za samaki kuliko mvuvi, kwa hiyo jibu lilikuwepo. "Wanayo, Shangazi. Wa ziwa letu ni ukoo mmoja na dagaa wa baharini. Magamba wanayo, na mapezi wanayo."

"Basi kwa sheria ya vyakula ya kitabu cha Walawi hawana neno," akasema, lakini ilikuwa kama anaongea na mwingine. "Ila mimi kutokula nilichagua mwenyewe." Akaitazama sahani. Nusu yake ilikuwa bado imejaa. "Zile mbili nilikula sijui. Hii ya tatu najua."

Akaisukuma. Sijawahi kuona sahani inasukumwa polepole kiasi kile. Ilikuwa kama mtu anayemwachia ndugu yake mkono kwenye dirisha la treni.

Tukala maparachichi yake. Habari ya dagaa haikutajwa tena mchana ule, wala mimi sikuthubutu kutaja Thailand. Jioni nilimsindikiza kwenye gari la Kasulu, nikambebea kapu, nikaanza kuomba radhi kwa mara ya nne. Akanikata.

"Kupika unajua, baba. Kuazima ndiyo hujui."

Gari likaondoka. Mchumba wangu alicheka kuanzia stendi mpaka Mwanga, halafu akakumbuka khanga yake, akaacha kucheka.

Wiki tatu baadaye mshenga wangu alikwenda Kasulu na barua ya posa. Majibu yakarudi, tukakaa na wazee wangu kuyasikiliza. Mshenga akasoma kwa sauti: ng'ombe, mablanketi, vitenge vya mama, shuka la babu, mambo ya kawaida. Akafika chini kabisa, ambapo mwandiko ulibadilika, wino mwingine, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwa kunakili Biblia. Akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akanitazama mimi kwanza kabla ya kusoma:

"Kinu kimoja kipya, na mchi wake, visivyowahi kutwangiwa chochote."