Mjomba, Fikiri kwa Sauti

Jumamosi asubuhi nimekaa zangu barazani, msuli kiunoni, chai ya rangi na kiporo cha maharage mbele yangu, mara namwona mpwa wangu anafungua geti na laptopu kwapani. Ukimwona mpwa na laptopu siku ya Jumamosi, ujue hajaja kukujulia hali.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, una dakika ishirini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema naenda msibani. Sikusema.

Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Kuna duka moja linauza mtandaoni vitu vya mbwa na paka: chakula, minyororo, dawa, mpaka miswaki. Ndiyo, mswaki wa mbwa, nimeuona kwa macho yangu. Duka lilikuwa na tovuti ya zamani, mbaya mbaya, lakini watu wananunua. Wenye duka wakaona waipendezeshe. Ikapendeza kweli, na watu wakaacha kununua. Sasa mpwa kaitwa atafute mchawi ni nani, na katika kutafuta akakumbuka kuwa Kinyerezi ana mjomba mwenye mbwa.

Kwa nini mimi? Akanieleza kuwa kuna mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwakalisha watu 5 tu ukawatazama wakihangaika, unaona karibu asilimia 85 ya matatizo ya tovuti. Wanne kashawapata: muuza chipsi, dada wa saluni, mlinzi wa ofisini kwao na mwenye nyumba wake. Wa tano mimi. Nikapiga hesabu ya haraka, 85 gawanya kwa 5. Kumbe mimi peke yangu nina matatizo asilimia 17!

"Mjomba, haihesabiwi hivyo. Halafu sikupimi wewe, napima tovuti."

Maneno hayo hayo ndiyo anayotwambia daktari akiwa ameshashika sindano.

Masharti yake mawili. La kwanza, yeye haruhusiwi kunisaidia hata nikikwama. La pili, kila ninachofikiria nikiseme kwa sauti. Mimi nina miaka 19 ya ndoa, ndugu zangu. Kama nimefika hapa nilipofika ni kwa sababu ninachofikiria huwa sikisemi kwa sauti. Lakini basi, mtoto wa dada.

"Mbwa wako ana kupe," akasema. "Ingia dukani ununue dawa."

Hilo halikuwa la kutunga. Komando wangu masikioni kupe wamebanana kama abiria wa daladala ya saa 12 jioni.

Akataka nitumie simu yangu mwenyewe, hii yenye ufa toka kona hadi kona, eti wateja wengi ndizo simu zao. Nikafungua. Ikaanza kushuka picha. Zikaja nyasi. Nikasubiri. Ukaja mkia. Nikasubiri. Kifurushi cha shilingi 1,000 nilichojiunga niangalie mpira jioni kinaishia kwenye mkia, na mwenye mkia hajafika. Nikaguna. Mpwa akaandika kwenye daftari. Nikakohoa, akaandika.

Mbwa alipofika, kumbe ni yale ya manyoya ya dhahabu, anakimbia kwenye uwanja wa majani mabichi, hana hata kovu. Komando akaitazama ile picha kisha akanitazama mimi. Sikujua nimjibu nini.

Kabla sijagusa kitu kikaruka kibao: "Kubali vidakuzi." Mimi nimezaliwa Tanga, Kiswahili nimekinyonya, lakini kidakuzi sijawahi kukutana nacho. Nikamuuliza mpwa, kimya, haruhusiwi. Baadaye ndiyo akaniambia Wazungu huko wanaviita biskuti. Basi si afadhali wangeandika biskuti? Ningekubali kwa moyo mweupe, nikijua ni za mbwa na ni za bure.

Nimekubali, kikaja kingine: nijisajili kwanza. Sijaona bei, sijaona dawa, natakiwa nijieleze. Visanduku vinne, na maelekezo yameandikwa humo humo ndani ya kisanduku kwa rangi ya majivu juu ya nyeupe. Ukianza kuandika, yanafutika. Kwa hiyo ukipiga chafya katikati ya jina, ukirudi hujui tena ulikuwa unajaza nini. Nikajaza hivyo hivyo kwa imani: jina, jina, umri, uzito.

Uzito! Nani anajua uzito wa mbwa wake? Bahati nzuri kijana wa mizani alikuwa anapita na spika yake, pima uzito, pima urefu. Nikambeba Komando, nikapanda naye. 97. Nikamshusha, nikapanda peke yangu. 79. Kijana akadai hela ya watu wawili. Nikamwambia mmoja ni mbwa. Akasema mizani yake haibagui. Nikalipa, nikarudi barazani huku namba zimenichanganya, nikaandika ile niliyoikumbuka.

Kisha aina ya mbwa. Orodha ndefu kama ya wapiga kura, na ya kwanza kabisa imeandikwa Affenpinscher. Nikashuka, nikashuka, kidole kikaota sugu. Wako wa Ujerumani, wako wa Uskoti, wako wa milimani na wa kuwinda bata. Mbwa wa kawaida hayupo. Mbwa wa kufokea wapita njia na kula ukoko hayupo. Nikarudi juu nikachagua huyo huyo Affenpinscher, maana angalau alikuwa karibu.

Haya, sasa dawa. Pale juu kuna milango minne: Gundua, Ustawi, Mtindo wa Maisha, Hadithi Yetu. Nikasema kwa sauti, kama nilivyoagizwa: "Mimi hadithi yenu siitaki, nataka dawa ya kupe." Mpwa akaandika, na safari hii akapigia mstari. Nikaingia kwenye sehemu ya kutafuta, nikaandika kupe. Ikanijibu: "Hakuna. Je, ulimaanisha kapu?" Ikaniletea makapu ya paka kulalia, yenye mito ndani, shilingi 145,000. Jamani. Mimi godoro langu ni la inchi sita na limeshabaki nne. Sina kisirani na paka, lakini kuna mahali mtu unaanza kujipima.

Dawa ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya Ustawi, chini ya neno ektoparasaiti. Nimeipata kwa kubahatisha, baada ya dakika 11. Hapa mtaani kuna duka la dawa za mifugo, mzee mwenyewe amekaa kwenye kreti la soda. Ukifika unasema "kupe", anakuuliza "ng'ombe au mbwa? Mkubwa au mdogo?", anakupa chupa na kukuonya usimpake machoni. Maswali mawili. Hajawahi kuniuliza barua pepe wala kuniambia hadithi yake, ingawa hadithi anayo, aliwahi kuchezea timu ya mkoa.

Nikamwambia mpwa hivyo hivyo. Akaacha kuandika, akanitazama kama mtu aliyeokota noti. "Mjomba, rudia hapo kwenye maswali mawili."

Dawa shilingi 18,000. Nikasema sawa, nikaenda kulipa. Wakataka postikodi. Nikatoka nje kusoma kile kibao cha anwani walichotubandikia kabla ya sensa ya 2022, nikakuta kina jina la mtaa na namba ya nyumba, postikodi hakina. Nikaandika "mkabala na mwembe mkubwa, geti la bluu". Ikakataa, inataka tarakimu 5. Nikaandika 12345. Ikakubali! Mwembe, ambao kila bodaboda anaujua, umekataliwa; uongo umepita.

Hapo mwishoni kabisa, kidole kikielea juu ya kitufe, ndipo likachomoza: usafiri, shilingi 12,000. Nikaiweka simu chini. Mpwa akatabasamu, akasema wengi wakifika hapo hapo wanakimbia. Kisha akanipa kisa cha duka la Marekani, Pets.com, lililouza vitu hivi hivi mtandaoni. Lilikuwa na kikaragosi cha mbwa kilichotengenezwa kwa soksi, maarufu nchi nzima. Likauza hisa Februari 2000, na Novemba ya mwaka ule ule likatangaza linafunga. Miezi tisa, mimba kamili. Walikuwa wanauza kwa hasara, halafu wanasafirisha magunia mazito ya chakula cha mbwa kwenye nchi kubwa kama ile. Mimi wangeniuliza ningewaambia: gunia la kilo 15 halijali soksi yako inachekesha kiasi gani.

Mpwa akafunga daftari, akashukuru, akaondoka. Mimi nikatembea hatua sitini hadi kwa mzee wa kreti, nikarudi na chupa.

Narudi, namkuta Mama Neema kasimama barazani na simu yangu mkononi. Umeingia ujumbe kutoka dukani. Nikasoma begani kwake:

"Habari Komando! Asante kwa kujisajili. Rafiki yako Baba Neema (Affenpinscher, miaka 46, kilo 79) amezidi sana uzito unaofaa kwa aina yake. Tunashauri apunguziwe chakula na atembezwe mara mbili kwa siku."

Hao Affenpinscher nimekuja kuambiwa baadaye kuwa ni vimbwa vidogo vya Ujerumani, hata kilo 7 havifiki.

Mama Neema akausoma mara ya pili, taratibu, kama anasoma majibu ya hospitali. Akanirudishia simu. Akainama, akachukua bakuli langu la maharage, akaenda kummiminia Komando.

"Geti liko wazi," akasema. "Anza na mzunguko wa kwanza."