Lugha iliyoundwa si lugha bandia

Nynorsk, moja kati ya namna mbili rasmi za kuandika Kinorwei, imesemwa vibaya tangu izaliwe. Wapo Wanorwei wenyewe wanaodai kwamba ilitungwa mezani na kwamba hakuna mtu anayeizungumza hasa kama ilivyoandikwa. Kwamba iliundwa, sikatai, tena aliyeiunda anajulikana kwa jina. Ninachokataa ni kuiita bandia.

Norwei ilikuwa chini ya Denmark kwa karne kadhaa, hadi 1814. Hata baada ya kuachana na Denmark na kuingia katika muungano na Uswidi, lugha ya maandishi ilibaki Kideni. Mkulima wa magharibi alikuwa na lahaja yake tangu utotoni, lakini akishika kalamu ilimbidi aandike kama mtu wa Copenhagen.

Ivar Aasen alikuwa mtoto wa mkulima kama huyo. Alizaliwa 1813 huko Ørsta, na elimu yake kubwa alijipatia mwenyewe kwa kusoma vitabu. Mwaka 1842, kwa ruzuku ya jumuiya ya kisayansi ya Trondheim, alifunga safari ya miaka minne. Alipita wilaya baada ya wilaya akisikiliza watu wanavyosema na kuyaandika aliyoyasikia. Matunda yake yakawa sarufi ya 1848 na kamusi ya 1850 yenye maneno yapatayo 25,000. Mwaka 1853 akatoa mifano ya lugha mpya ya maandishi, wakati huo ikiitwa Landsmaal.

Ninachomheshimia zaidi ni namna alivyochagua. Angeweza kuichukua lahaja ya kwao Ørsta akaivika taji, na wengi wangemwelewa. Hakufanya hivyo. Alilinganisha lahaja, akatazama na lugha ya kale ya Kinorwei, kisha akatafuta umbo ambalo wenye lahaja tofauti wangeweza kulitambua kuwa lao. Maneno mengi yaliyoingia kutoka Kijerumani kupitia Kideni, yale yanayoanza na be- au an-, aliyaweka kando. Lawama kwamba aliegemea mno magharibi na kuusahau usemi wa mijini ina haki yake. Lakini watu aliwaendea, akawasikiliza.

Bunge liliipa lugha hiyo ya Aasen hadhi sawa na ile nyingine, yenye asili ya Kideni, mwaka 1885, na jina la Nynorsk likaja 1929. Leo wanafunzi wanaosomeshwa kwa Nynorsk ni wachache, zaidi kidogo ya mmoja katika kumi, ilhali katika miaka ya 1940 walikaribia theluthi moja. Sheria hata hivyo inailinda, na Jon Fosse, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2023, huiandika hiyo hiyo.

Sisi wa Kiswahili tunalo la kujiuliza hapa. Usanifishaji wetu uliamuliwa na serikali za kikoloni na wamisionari. Mkutano wa 1928 ulifanyika Mombasa, lakini lahaja iliyochaguliwa ikawa Kiunguja, na kamati ya kuisimamia ikaanza kazi 1930. Kimvita, lahaja ya Mombasa na ya mshairi Muyaka bin Haji, kikabaki nje ya mlango katika mji wake chenyewe. Nakipenda Kiswahili sanifu, ndicho ninachoandikia kila siku, na sitaki kibomolewe. Linaloniuma ni mtoto wa Mombasa anayesema "ndoo" kwa maana ya njoo, akasahihishwa kana kwamba amekosea kuzungumza.

Norwei haina matamshi rasmi ambayo kila mtu lazima ayafuate. Mbunge husimama bungeni akazungumza kwa lahaja ya kwao na hakuna anayemcheka. Kwetu ningeanzia kwa wahariri wa vitabu: mwandishi wa Lamu akiwapa wahusika wake Kiamu, waache Kiamu hicho kichapwe kama kilivyo, bila kukinyoosha kiwe Kiunguja.