Bustani za Kale Nazo Ziingizwe Daftarini

Mgeni anayefika katikati ya mji wa Iringa huelekezwa Miyomboni, na kukiwa na mkutano wa hadhara huambiwa aende viwanja vya Mwembetogwa. Mbeya nako upo mtaa uitwao Jakaranda. Wazee wetu waliita mahali kwa mti uliowapa kivuli, na majina hayo tunayatamka kila siku bila kujiuliza miti yenyewe inalindwa na nani. Naona wakati umefika halmashauri zetu ziwe na daftari la bustani za kale.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa nikikatiza katika bustani ndogo yenye mijakaranda iliyopandwa kwa mstari, ambayo ikifika Oktoba ilitandaza maua ya zambarau njia nzima. Leo pale pana fremu za maduka. Nilipokwenda kuuliza katika ofisi inayohusika, nilijibiwa kwa upole kwamba kwenye ramani eneo lile lilikuwa kiwanja cha wazi tu, na hapakuwa na maandishi yoyote kuhusu bustani. Jibu lile lilikuwa la kweli, nami liliniuma kwa sababu hiyo hiyo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeweka kikomo cha mwaka 1863: jengo, ngome au kazi nyingine ya mikono ya watu ya kabla ya mwaka huo hulindwa moja kwa moja, ilhali vya baadaye husubiri tamko la waziri. Kwa watu wa pwani, wenye magofu ya Kilwa, kikomo hicho kina maana kubwa. Kwetu nyanda za juu, ambako mji wa Iringa ulianza kujengwa na Wajerumani miaka ya 1890 na Mbeya ikakua baadaye sana wakati wa uchimbaji wa dhahabu ya Lupa, hakuna bustani ya mjini hata moja inayoweza kukifikia. Hata hivyo mlango haujafungwa, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali penye umuhimu wa kihistoria hata kama ni pa karibuni. Kinachokosekana ni mtu wa kumpelekea waziri orodha.

Uingereza walianza na orodha. Daftari lao la bustani za kihistoria lilitokana na sheria ya mwaka 1983, nalo leo lina bustani zaidi ya 1,600 zilizopangwa katika madaraja matatu, zikiwamo za mijini na hata makaburi. Kuandikwa daftarini hakumzuii mwenye ardhi kufanya lolote. Kunamlazimu anayetoa kibali cha ujenzi kuizingatia historia ya mahali kabla ya kutia saini. Wapo watakaosema kwamba huo ni ulinzi hafifu, lakini nikikumbuka jibu nililopewa ofisini, naona kwamba laiti pangekuwapo na mstari mmoja tu wa maandishi, yule ofisa angelazimika kunijibu vingine.

Sitaki daftari letu liwe la bustani za wakoloni peke yake. Kitulo, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, nasi tunajivunia. Lakini iko misitu midogo ya matambiko, kama Nyumbanitu mkoani Njombe, iliyotunzwa na miiko na wazee kwa vizazi vingi kabla hajafika bwana misitu yeyote. Mahali ambapo watu wamechagua miti ya kubaki, wakakataza kukata kuni na wakaweka njia ya kuingilia ni kazi ya mikono na akili ya watu, na kwangu mimi hiyo ni bustani. Wazee wenyewe ndio waseme kipi kiandikwe na kipi kibaki siri yao.

Bustani haihifadhiwi kama Boma la Iringa, ambalo ukilitengeneza paa na kuta litasimama. Mkataba uliotungwa Florence, Italia, mwaka 1981 uliita bustani ya kihistoria kumbukumbu iliyo hai, kwa maana kwamba inakua, inazeeka na kufa, na lazima ifanywe upya. Kwa hiyo halmashauri ikishaandika jina la bustani, mipaka yake na aina ya miti yake, iandike pia nani atakayekusanya mbegu chini ya miti ile ile na kitalu gani kitakachootesha miche. Mjakaranda mkongwe ukianguka kwa upepo wa Agosti, mche wake uwe tayari kupandwa kwenye shimo lile lile mvua za Desemba zinapoanza.