Ujasiri si mazoea

Juzi tulikuwa kwenye maombi, macho tumefumba, kiongozi akashika maiki na kutuambia tuache kuogopaogopa. "Mungu ni mshikaji wako! Ingia, dai chako, toka!" Amina zikapigwa kwa kishindo. Mimi nikafumbua macho. Hata mtu anayedaiwa huwa tunamsalimu kwanza.

Andiko nitakalojibiwa nalo nalijua: Waebrania 4:16, tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri. Lipo, na bila hilo nisingethubutu kuomba kabisa. Lakini waraka huohuo, sura ya 12, unatuagiza tumwabudu kwa unyenyekevu na kicho, "maana Mungu wetu ni moto ulao." Hilo sijaona likichapwa kwenye fulana za kongamano.

Sasa tumtazame mfalme Uzia. Alitawala Yuda miaka 52 na hakuwa mtu wa hovyo hata kidogo. Alijenga minara, akachimba mabirika, akapenda kilimo, na Mungu akamfanikisha. Kisha moyo ukapanda juu. Akaingia hekaluni na chetezo mkononi afukize uvumba mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake. Azaria na makuhani wenzake 80 wakamfuata, wakamwambia atoke. Akawaka hasira, na pale pale, kando ya madhabahu ya kufukizia, ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Alikaa nyumba ya pekee mpaka kufa (2 Nyakati 26).

Halafu ufungue Isaya 6. "Katika mwaka ule aliokufa mfalme Uzia nalimwona Bwana." Ni hekalu tena, ni madhabahu tena, na safari hii kuna maserafi, viumbe wa mbinguni wenye mabawa, ambao hatuambiwi popote kwamba wametenda dhambi, lakini nao wanafunika nyuso kwa mabawa. Isaya hakuja na chetezo. Alichokuja nacho ni midomo michafu, na anakiri: "Ole wangu! Kwa maana nimepotea." Hapo ndipo serafi anaruka na kaa la moto alilolitoa madhabahuni kwa koleo, analigusisha kwenye kinywa chake, na dhambi yake inafunikwa. Uzia aliufuata moto akatoka na ukoma. Isaya aliletewa moto akatakasika. Hakulichukua lile kaa mwenyewe! Na kwetu lile kaa ni Kristo. Ujasiri tulio nao wa kupaingia patakatifu, Waebrania 10:19 inasema tunao kwa damu ya Yesu. Haukutokana na kwamba siku hizi Mungu amelegeza masharti, wala kwamba sisi tumechangamka kuliko watu wa kale. Damu ilimwagika, ndugu zangu. Mtu akilielewa hilo ataingia, tena ataingia kila siku, ila hatapayuka.

Na hao wanaopenda habari za urafiki wamsome aliyeitwa rafiki wa Mungu kweli, Ibrahimu. Alimsihi Mungu asiuangamize mji wa Sodoma wakipatikana humo wenye haki 50, akashuka hadi 10. Ni ujasiri mtupu! Lakini katikati ya kusihi huko anasema, "mimi ni mavumbi na majivu tu."

Haya, upande wa pili nao wana hoja, kidogo. Kuna makanisa ambako utakatifu wa Mungu umegeuzwa tai na urefu wa sketi, na mtu aliyelia kwa sauti anatazamwa kama amevunja kioo. Mtoza ushuru wa kwenye mfano wa Yesu hakuvaa suti, alijipiga kifua tu na akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Zaburi zimejaa watu wanaomlalamikia Mungu waziwazi, "hata lini?", na hakuna anayewafukuza. Kwa hiyo sitetei kununa. Mtoto na aseme na Baba yake anavyoweza.

Ila Bwana Yesu alipotufundisha kumwita Baba, ombi la kwanza alilotupa ni jina lake litukuzwe. Riziki ni ya nne. Kama mikesha yetu inaanzia kwenye riziki na kuishia hapohapo kwenye riziki, basi tuseme tuna haja zetu, wala si dhambi kuwa na haja. Ila Waebrania tusiisingizie.