Kichura, magoti juani na soda ya zawadi

Mtoto wa shule ya msingi hahitaji kitabu ili ajue shule yake inayachukuliaje mazoezi, jua na chakula. Ameshajua tangu darasa la kwanza. Akichelewa namba, anaruka kichura kuzunguka mlingoti wa bendera. Akipiga kelele, anapiga magoti juani mpaka mwalimu wa zamu akumbuke kwamba alimwacha pale. Akishika nafasi ya kwanza, anaitwa mbele, anakabidhiwa soda na pakiti ya biskuti, wenzake wanampigia makofi. Kisha saa tano mwalimu wa sayansi anaingia darasani na kuandika ubaoni: Umuhimu wa mazoezi na mlo kamili.

Mtoto ananakili. Kwenye mtihani atalijibu vizuri tu swali hilo.

Mimi ni mzazi, si mtaalamu wa lishe wala daktari wa ngozi. Nimekaa kwenye vikao vya wazazi vya kutosha kujua kwamba tukigusa afya ya wanafunzi, mazungumzo huishia kwenye "elimu itolewe". Elimu imeshatolewa, jamani. Kinachotukwamisha ni adhabu, ratiba na sheria ndogondogo za shule, zile ambazo hakuna anayezihesabu kuwa ni mambo ya afya.

Tuanze na kichura. Ukimfundisha mtoto kwa miaka saba kwamba kukimbia, kuruka na kupiga pushapu ni malipo ya kosa, usishangae akifika miaka thelathini akauona uwanja wa mazoezi kama mahali pa watu wenye hatia. Viboko hapa Tanzania angalau vina kanuni: visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari la adhabu. Kichura hakiandikwi. Magoti juani hayaandikwi. Kwa kuwa hayaachi alama ya fimbo, tunayaita adhabu nyepesi.

Waliosoma enzi za mchakamchaka wanajua kwamba haikuwa hivi siku zote. Sina nia ya kuusifia ule mchakamchaka kupita kiasi. Watoto walikimbia hawajatia kitu tumboni, na waliobaki nyuma walikimbizwa na fimbo. Lakini walikimbia wote, mnene kwa mwembamba, mwenye kipaji na asiye nacho, tena kwa nyimbo, na walimu wengine walikimbia nao. Mtu alianza siku akiwa ametokwa jasho bila kuwa na kosa lolote. Shule nyingi za mijini zimeuacha, na mahali pake hakikuja kitu.

Mtazame mtoto wa Dar es Salaam anayesoma shule ya mbali. Basi la shule linampitia alfajiri kabla hata ya jogoo wa jirani. Amekaa kwenye basi, anakaa darasani, anakaa rimidio, anarudi amekaa kwenye foleni, anafika nyumbani anakaa kufanya homuweki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili mpaka apumue kwa nguvu. Huyu akizipata, atakuwa amezipata siku aliyochelewa akarushwa kichura.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unalo somo la Sanaa na Michezo, na kwenye ratiba iliyobandikwa ofisini utaliona limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Muulize mtoto wako kipindi hicho walifanya nini. Mtihani ukikaribia, Hisabati inakimeza, na mwalimu anayekimeza ndiye tunayemsifu kwa kujituma. Sisi wazazi tumo humohumo. Sijawahi kusikia mzazi amesimama kikaoni kulalamika kwamba mwanawe hakucheza wiki nzima.

Nayo michezo tuliyonayo imeelekezwa kwa wachache. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari ni mashindano mazuri, yameibua wanamichezo wengi na naomba yasife. Ila mwanafunzi mmoja akichaguliwa kwenda wilayani, mia tano waliobaki kazi yao ni kushangilia. Uwanja unafagiliwa kwa ajili ya timu. Na uwanja wenyewe kwa shule za mjini unazidi kumegwa: upande huu fremu za maduka, upande ule njia ya bodaboda.

Nafuu ni kwamba watoto hawajangoja wizara. Nenda shule yoyote saa ya mapumziko uwaangalie wasichana wanaocheza rede. Mpira ni soksi kuukuu iliyojazwa mifuko ya plastiki. Wawili wanarusha, mmoja kila upande. Wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa: anainama, anateka, anaruka, anageuka, anateka tena. Ukimpima mapigo ya moyo yule wa katikati utaona kwamba hakuna kocha anayeweza kumwongezea kitu. Gharama yake ni sifuri. Tatizo ni kwamba akifika darasa la sita, kifua kimeanza kuchomoza, anaambiwa msichana mkubwa harukiruki. Sketi ya sare nayo inambana. Bukta ndefu au suruali ya michezo chini ya sketi ingetosha kabisa, lakini hiyo itahitaji mtu abadilishe sheria ya sare, na kwenye shule zetu sare ni jambo zito kuliko Katiba.

Niseme pia kwamba haya ya kukosa mazoezi ni ya mjini zaidi. Mtoto wa kijijini aliyechota maji, akatembea mwendo wa saa nzima kwenda shule, kisha akalima ngwe ya bustani ya shule, ukimwambia habari za dakika 60 atakuona hamnazo. Yeye anachodai ni chakula.

Chakula basi. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi upo tangu 2020, na umeeleza vizuri jinsi wazazi na jamii wanavyopaswa kushiriki. Lakini tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, neno "mchango" limekuwa na ukakasi. Mwalimu mkuu anaogopa kulitaja, mzazi analikataa kabla halijamaliza kutamkwa. Matokeo yake kuna shule ambazo mtoto anashinda na uji, na kuna nyingine anashinda na alichokipata getini.

Getini nako kuna mpangilio wake. Mama wa mihogo ya kukaanga na chachandu. Mama wa bagia na kachori. Kijana wa aiskrimu za mfuko, nyekundu na kijani, rangi inayobaki ulimini mpaka saa ya kurudi nyumbani. Ubuyu, kashata, krispi za mahindi za mfuko mdogo. Simtupii lawama yeyote kati yao. Wengine ni wazazi wa watoto haohao na wanasomesha kwa biashara hiyo. Na si kila kitu pale ni kibaya: karanga ni chakula, embe bichi na chumvi ni tunda, muhogo ni muhogo. Shida ni kwamba kwa shilingi mia, kinachoshibisha zaidi ndicho chenye mafuta zaidi, na kinachopendeza zaidi ndicho chenye sukari zaidi.

Hebu tupige hesabu. Mzazi anayempa mwanawe shilingi 500 kwa siku anatoa kama 10,000 kwa mwezi wa masomo. Watoto mia tatu wa namna hiyo ni milioni tatu. Huyohuyo mzazi, akiombwa debe la mahindi na kilo mbili za maharage, anauliza fedha za serikali zimekwenda wapi. Ni swali halali, liulizwe. Lakini wakati linaulizwa, ile milioni tatu imeishia kwenye aiskrimu za rangi.

Nairobi wamelishika jambo hili kwa namna inayonivutia. Shirika la Food4Education, lililoasisiwa na Wawira Njiru, linapika kwenye majiko makubwa ya pamoja na kusambaza shuleni. Mtoto anavaa bangili yenye chipu, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa sahani yake. Mwaka 2023 kaunti ya jiji ilianzisha nao mpango wa Dishi na County, mzazi akichangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo. Kinachonifurahisha zaidi ya hiyo bangili ni kwamba mchango wa mzazi ni mdogo, unajulikana, na mtoto anakula siku hiyohiyo. Huku kwetu mzazi anapeleka mahindi Februari na hajui yamekwenda wapi mpaka Juni.

Na tusidhani tunahitaji wali kuku. Makande ya shule, mahindi na maharage, ni chakula kizuri. Kasoro yake ni kwamba madini ya chuma yaliyo kwenye maharage mwili huyafyonza kwa shida. Yanafyonzwa vizuri zaidi kukiwa na vitamini C, na yanazuiliwa na chai. Kwa hiyo shule iliyoko Muheza, ambako msimu ukikolea machungwa hukosa wanunuzi na kuozea chini ya miti, ikiwapa watoto makande na kikombe cha chai ya rangi juu yake, imechagua vibaya kati ya vitu viwili vilivyokuwa mlangoni kwake. Nusu chungwa baada ya makande. Chai ibaki ya asubuhi, au isiwepo kabisa.

Jua nalo nimelipa nafasi yake makusudi, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea zaidi na kwa watoto wachache zaidi.

Niliwahi kusimama pembeni ya mstari wa mchana wa shule moja ya mjini. Saa nane kasoro, jua limekaa vizuri. Mwalimu anatoa matangazo: wasiolipa fedha za mtihani wa majaribio, waliovunja bomba, usafi wa Ijumaa. Mbele kabisa, kwa kuwa ni mfupi, alikuwepo mvulana mwenye ualbino. Alikuwa amepandisha kola ya shati mpaka masikioni na ameweka daftari juu ya paji la uso. Kiranja akampigia kelele: shusha daftari, mguu sawa! Akashusha. Waliokuwa wamevaa kofia kwenye mstari ule ni skauti peke yao, maana kofia yao ni sare.

Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ndiyo inayowakinga wengi wetu na jua, na ndiyo anayoikosa mwenye ualbino. Hapa karibu na Ikweta kipimo cha mionzi ya jua (UV) mara nyingi hufika 11 na kupita wakati wa adhuhuri, na kinga hushauriwa kuanzia 3. Madhara yanajumlishana mwaka hadi mwaka. Mtoto anaungua leo, anababuka, anapona, anaungua tena; saratani ya ngozi inakuja akiwa kijana, mara nyingi kwenye mdomo, sikio, uso au shingo. Ndiyo maana kapelo haitoshi: inakinga paji la uso na kuacha masikio na shingo. Inatakiwa kofia ya ukingo mpana pande zote, mikono mirefu, na losheni inayopakwa tena kila baada ya saa mbili hivi akiwa nje. Losheni hizo hutengenezwa hapahapa, Kilisun ya Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC. Lakini losheni iliyofungiwa kabatini, na ufunguo uko kwa mwalimu aliyekwenda semina, haimkingi mtu.

Na macho. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida haoni vizuri mbali. Kumweka dawati la mbele ni sawa, ila si dawati la mbele karibu na dirisha linalomulika. Aruhusiwe kusimama na kuusogelea ubao bila kuitwa msumbufu.

Australia, yenye watu wengi wa ngozi nyeupe na jua kali, ilianza kampeni ya Slip! Slop! Slap! mwaka 1981: vaa shati, paka losheni, vaa kofia. Shule nyingi kule zikaweka sheria fupi: huna kofia, huchezi uwanjani, unakaa kivulini. Sisemi tuinakili yote. Mtoto mweusi wa Tabora hana haja ya kununuliwa losheni ya kila siku, na anayemuuzia mama yake kwa kumtisha na saratani anafanya biashara. Anachohitaji huyu ni kivuli, maji ya kunywa, na choo ambacho hataogopa kukiingia, maana wapo wasichana wasiokunywa maji kutwa nzima ili wasikitumie. Kilichonivutia kwa Waaustralia ni kwamba waliiweka kofia kwenye sare ya wote. Hakuna mtoto anayeonekana wa ajabu kwa sababu ameivaa.

Kila Januari shule hutoa orodha: rimu ya karatasi, ufagio wa chelewa, ndoo, jembe. Tunanung'unika, tunanunua. Kofia pana ya kitambaa cha sare fundi yeyote wa mtaani anaishona kwa mabaki ya sketi. Na mstari wa mchana unaweza kusimama chini ya mikungu na miarobaini iliyopo, au ukafupishwa. Habari ya bomba lililovunjika inaweza kusemwa darasani.

Kwenye kikao kijacho nitaomba mawili yaandikwe kwenye muhtasari: kofia iingizwe kwenye sare, na kupiga magoti juani pamoja na kichura vifutwe kwenye adhabu. La chakula najua litakula vikao vitatu au vinne, maana neno mchango likitajwa tu, kuna wazee wawili husimama kabla mwenyekiti hajawaruhusu.